Nimecheka, na mume wangu hana hata mwaka tangu afariki, je nimekosea?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Igoma, ana miaka 36, anauza dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba. Nalifupisha. Mume wake alifariki miezi 8 iliyopita baada ya kuugua figo muda mrefu, matibabu yakala mtaji wote, akaingia kwenye mikopo ya kausha damu na mpaka leo anadaiwa sehemu tatu. Ana watoto wawili, wa miaka 11 na 6. Juzi yule mdogo alining'inia mlangoni akaigiza konda wa daladala, "Nyakato, Buzuruga, Mabatini, mjiniii, mama sogea ndani kuna nafasi," na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Wifi yake alikuwepo. Akamtazama, akasema, "Kumbe umeshasahau." Tangu siku hiyo hajacheka. Anauliza: "Dada, hivi kweli kuna amani na furaha wakati shida ziko palepale, au nisubiri kwanza ziishe? Siku za mbalamwezi ndo naumia zaidi. Usiku mwingine natamani nilale tu nisiamke. Na mtoto akiniuliza kwa nini nalia nimwambie nini?"

Mdogo wangu, pole. Nakupa pole mara mbili, ya mume na ya madeni, manake deni nalo linauma kama msiba ila hakuna anayekuja kukaa na wewe mkekani kwa ajili ya deni, hakuna anayekuletea unga wala sukari, unakaa nalo peke yako na simu inaita namba usiyoijua.

Naanza na ile sentensi uliyoipitisha katikati haraka haraka, kwamba usiku mwingine unatamani ulale usiamke. Huu ni mwaka wa 19 nafanya kazi ya ushauri hapa Mwanza na sentensi kama hiyo watu huitaja hivyohivyo, katikati ya mambo mengine, ili isionekane. Mimi nimeiona. Wengi wanaoisema wamechoka, wanataka maumivu yasimame hata kwa siku moja wapumue, na inawezekana na wewe ndo hivyo. Ila nakuuliza waziwazi kama ambavyo ningekuuliza ungekuwa umekaa hapa mbele yangu: umefikiria kujiua? Umeshaanza kuwaza utafanyaje? Kukuuliza hivi hakukuingizii wazo kichwani, na mtu yeyote mwenye ndugu anayesema maneno kama yako asiogope kumuuliza. Kama jibu lako ni ndiyo, basi mengine yote niliyoandika huku chini yasubiri. Leo hii, sio wiki ijayo, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini maneno hayohayo uliyoniambia mimi, alale kwako au ukalale kwake, dawa za wadudu na vidonge vilivyobaki vya marehemu vitoke ndani apewe mtu akavitunze, na akusindikize hospitali, Sekou Toure au Bugando, mkifika mseme mmekuja kwa ajili ya afya ya akili. Bugando wana idara kabisa ya mambo hayo. Na usiku ukikuzidia usingoje kukuche, nendeni usiku huohuo.

Haya, sasa tuje kwenye kicheko chako.

Unauliza usubiri shida ziishe ndo uanze kutafuta amani. Hapana, usisubiri. Na sikwambii hivyo kukufariji tu. Watu wengi tunafikiri moyo ni kama chumba kimoja, huzuni ikiingia furaha inabidi itoke, na furaha ikirudi maana yake huzuni imefukuzwa, ndo maana wifi yako aliposikia kicheko akajua msiba umekwisha ndani yako. Sio hivyo. Vinakaa pamoja, siku hiyohiyo, wakati mwingine dakika hiyohiyo. Watafiti wawili wa Marekani, Dacher Keltner na George Bonanno, walichapisha kazi yao 1997 kuhusu watu waliofiwa na waume au wake zao. Waliwakalisha kama miezi 6 baada ya msiba, wakawaomba wamzungumzie marehemu huku wanarekodiwa, alafu wakaangalia picha zile taratibu kuona nani alicheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja mpaka pembe za macho, sio cha mdomo tu. Wale waliocheka kweli hawakuwa watu waliosahau. Ndo waliokuwa na nafuu zaidi moyoni, na uhusiano wao na marehemu wanapousimulia ulikuwa mzuri zaidi. Siwezi kukwambia kicheko ndo kiliwaponya, utafiti wa namna ile hauonyeshi kipi kilianza, lakini unatosha kukwambia kwamba mjane anayecheka mwezi wa sita hajafanya jambo la ajabu wala hajamsaliti mtu.

Na sisi wenyewe tulilijua hili zamani sana. Utani msibani ulikuwa wa nini? Mtani anakuja anazuia jeneza mpaka alipwe, mjukuu anavaa koti la babu aliyelala ndani anatembea kwa mwendo wa babu, anakohoa kikohozi cha babu, na wajane wanacheka huku machozi yanatiririka na hakuna hata mmoja anayesema mmeshasahau. Wazee wetu waliweka kabisa mtu wa kuchekesha kwenye msiba na akapewa kazi hiyo kwa heshima zote.

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama mimi nilikuwa binti wa miaka 17. Wewe unakaa Igoma, unayajua yale makaburi ya wale wa MV Bukoba, huhitaji nikuelezee. Mjomba wangu alikuwa humo na hakupatikana, kwa hiyo tulikaa msiba usio na maiti, ambao ni msiba mbaya kuliko nilivyowahi kuona kabla na baada ya hapo, maana kila bodaboda, enzi hizo baiskeli, ikisimama nje watu wanainua vichwa. Bibi yangu hakula. Siku ya tano usiku kuna mama mmoja alikuwa anakoroga ugali nje akaanza tu kusimulia, kama anaongea na sufuria, jinsi mjomba alivyopeleka jogoo ukweni Bukoba, jogoo akafunguka kamba ndani ya meli usiku, mjomba akamkimbiza daraja la tatu zima anaruka miguu ya watu waliolala huku anaomba radhi kwa kila mmoja, samahani mama, samahani mzee, samahani mama. Ile samahani aliisema kwa sauti ya mjomba kabisa. Bibi akacheka. Alicheka vibaya sana, mpaka kanga ikamvuka begani, alafu kicheko kikageuka kilio, tukamshika, alafu akasema nipeni maji. Akanywa, akala tonge mbili. Miaka yote hii kila nikisoma vitabu vya kazi yangu huwa narudi kwenye zile tonge mbili. Hakuwa amepona, alimlilia mwanae mpaka anaingia kaburini miaka 11 baadaye, lakini ile siku alikula, na kesho yake akaoga, na aliyemlisha ni yule jogoo.

Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Uholanzi, mwaka 1999 walieleza vizuri kinachotokea kwa mtu aliyefiwa. Kwamba haendi moja kwa moja kutoka huzuni mpaka nafuu. Anakwenda na kurudi. Kuna saa yuko upande wa kilichopotea, analia, anashika nguo za marehemu, anakumbuka, na kuna saa yuko upande wa maisha yanayoendelea, ada ya shule, mteja, mtoto anaigiza konda. Na anayeumia zaidi ni yule aliyeganda upande mmoja tu, awe anayelia bila kupumzika au anayejifanya hajafiwa. Sisi wa huku tunaweza kulielewa kirahisi, watu wanakutaka uvuke msiba kama unavyovuka siku hizi Daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3, dakika chache uko ng'ambo na hugeuki nyuma. Kumbe ni kama kivuko cha Kamanga, kinakwenda kinarudi, kinakwenda kinarudi, na kurudi kwake sio kuharibika. Kwa hiyo siku umecheka asubuhi na jioni umelia usijiulize umerudi nyuma au vipi.

Sasa mbalamwezi. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu wewe mwenyewe umelitaja na sijui kama unajua umetaja kitu kikubwa.

Kwa wasiojua, dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola na betri, dagaa wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika visiwani, mzigo unapungua Mwaloni, bei ya gunia inapanda, na mama mwenye mtaji mdogo kama wewe hawezi kununua, anakaa nyumbani. Kwa hiyo kila mwezi una siku kadhaa za kukaa, huna kazi ya mikono, huna watu wa kuongea nao, marejesho hayajui mbalamwezi wala giza, na mawazo yanapata nafasi ya kukaa kitako. Nje kunang'aa mpaka unaweza kuokota sindano na ndani mwako ndo giza lenyewe. Unadhani siku zile moyo wako unakuwa dhaifu zaidi. Mimi nadhani siku zile umenyang'anywa vitu viwili vilivyokuwa vinakushika bila wewe kujua, kazi ya mikono na kelele za watu.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn aliandika sana kuhusu hili na waliomfuata wamelifanya kuwa tiba kabisa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha: mtu akiumia anapunguza mambo anayofanya, akipunguza anapata vichache vya kumpa nafuu, akikosa nafuu anapunguza zaidi, mpaka anabaki na kitanda na dari. Na kosa tunalofanya ni kusubiri hamu. Tunasema nikipata nguvu nitatoka, nikijisikia nitaenda kwaya. Hamu haiji kwanza kwa mtu mwenye sonona, inakuja nyuma, unaanza kufanya ukiwa huna hamu hata kidogo na hamu inakufuata taratibu, na mara nyingine siku ya kwanza na ya pili haifiki kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla mwezi haujawa mkubwa, wakati bado uko na nguvu za sokoni, chukua daftari la mwanao uandike zile siku zote za kukaa, na kila siku uiandikie mambo mawili tu, moja la mikono na moja la watu. La mikono liwe na mwisho unaoonekana, kukata viazi uanike michembe, kufua mapazia, kupanda mchicha kwenye viroba nyuma ya nyumba. La watu liwe na jina na saa, sio "nitatembelea watu", andika mama fulani, saa kumi jioni, namsaidia kuchambua mchele. Saa ikifika unaenda hata kama moyo hautaki, ukae nusu saa, ukishindwa urudi. Mawili tu. Ukiandika kumi utashindwa sita na utajichukia kwa hizo sita.

Na siku za mzigo, ukiwa umekaa unachambua dagaa, unajua unavyokaa pale miguu umenyoosha, unatoa mchanga, vikonokono, majani, mikono inakwenda yenyewe na kichwa kiko kwa yule wa marejesho. Jaribu kwa muda wa kuchambua sado moja tu kichwa kirudi mikononi. Angalia dagaa wenyewe, ule mgongo wa fedha, kichwa kinavyochoma ncha ya kidole, sauti ya dagaa wakavu wakimwagika kwenye turubai, na harufu ambayo wageni wanaziba pua na wewe huisikii tena mpaka uitafute. Mawazo yatakuja, hutayazuia, ila kila ukigundua umeshaondoka unarudi kwenye dagaa, bila kujigombeza. Ukimaliza sado endelea na mawazo yako kama yapo. Hii ndo amani ninayoizungumzia mimi, sio ile ya siku nzima, ni dakika kumi ambazo mwili wako haukuwa vitani, na mwili ukizipata mara mbili tatu kwa siku unaanza kukumbuka njia ya kurudi.

Usiku nao. Ukiamka saa tisa usiku na moyo unaenda mbio usianze kupiga hesabu za deni kitandani, saa tisa hakuna deni dogo, kila kitu saa ile kina ukubwa wa lile jiwe la Bismarck ziwani. Kaa kitako, vuta pumzi polepole kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, utoe ndefu kuliko ulivyovuta, kwa dakika tano. Sio uchawi wala sio mambo ya mganga, ukitoa pumzi taratibu mapigo ya moyo yanapungua kasi, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Usingizi ukikataa kabisa inuka, kaa kwenye kigoda, kunja nguo kwenye mwanga mdogo, rudi kitandani ukisinzia. Simu usiishike. Na asubuhi uamke muda uleule hata kama hujalala vizuri, usingizi wa mchana wa masaa matatu ndo unaokuibia usiku wako.

Madeni yapewe saa yake. Mara moja kwa wiki, mchana, umeshakula, sio usiku, kaa na daftari uandike nani anadai, alikupa shilingi ngapi, umesharudisha ngapi, bado ngapi. Najua inatisha, nimekaa na akina mama wakiandika na mkono unatetemeka, lakini deni lililoandikwa lina ukubwa unaojulikana na lile la kichwani halina. Kisha uliza kama anayekudai ana leseni na kama mkataba wako unao mkononi, maana biashara ya kukopesha ina sheria yake tangu 2018 na mtu haruhusiwi kukukopesha tu anavyojisikia. Msaidizi wa kisheria wa kata yako anaweza kukusomea huo mkataba. Na muone afisa maendeleo ya jamii wa kata uulize ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inapitia kwenye vikundi, haitoki haraka, na usiitegemee kulipa deni la kesho, ila ni njia ya kurudisha mtaji bila kurudi kwa haohao wa kausha damu. Usikope kulipa mkopo, mdogo wangu. Hapo nakuomba kama dada yako.

Nimetaja kikundi, na hili naliamini kuliko yote niliyoandika. Upande wa pili wa ziwa letu hilihili, Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, kulifanyika utafiti ukachapishwa 2003. Kule watu walikuwa wamezikana sana na Ukimwi, watafiti wakakuta vijiji vimejaa sonona na madaktari wa akili hakuna. Wakachukua vijiji 30, nusu wakavipa vikundi, watu wanakaa pamoja mara moja kwa wiki kama saa moja na nusu hivi kwa wiki 16, na aliyeongoza hakuwa daktari, ni mtu wa hukohuko aliyefundishwa kama wiki mbili. Kwenye vile vijiji vya vikundi, kati ya watu waliochaguliwa kwa dalili za sonona, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 mpaka asilimia 6.5. Vile ambavyo havikupewa navyo vilishuka, kwa sababu muda nao unasaidia, lakini walitoka 94 wakabaki karibu 55. Ona hapo. Shida zao hazikuisha, waliokufa hawakurudi, umaskini ulikuwa palepale. Kilichoongezeka ni watu kadhaa wanaojua wiki hii imekwendaje kwako na wanakusaidia kufikiri, wiki ijayo ufanyeje na yule ndugu, utasemaje na yule mwenye nyumba.

Kwa hiyo kama una VICOBA, jumuiya, kwaya, madrasa ya akina mama, rudi. Usirudi kulia tu na kupewa pole, pole ina mwisho wake. Tafuta wawili watatu humo ambao mtakubaliana kila wiki mnaulizana kwa kweli. Na sala zako endelea nazo, sijawahi kumwambia mtu aache kusali, nimeona watu wengi sana wameshikwa na sala peke yake kwenye usiku ambao mimi nisingekuwepo. Ninachokataa ni mtu kukwambia ukilia imani yako ndogo. Watu wa Mungu walilia mbele zake kwa sauti na hakuwafukuza. Na hata wale wanaokwambia "fikiria mazuri tu", wasamehe ila usiwafuate, furaha ya kujilazimisha inachosha kuliko huzuni.

Wifi yako. Nimekaa nikamfikiria na yeye. Umeandika alivyokutazama na nimeelewa maumivu yako, ila yule amefiwa na kaka yake na hakuna anayempa pole kama unavyopewa wewe mjane, watu wakiingia wanapita kwake wanakuja kwako. Inawezekana aliposikia kicheko alibaki peke yake na kaka yake. Mtafute mkiwa wawili, sio mbele ya watoto, mwambie, "Wifi, na wewe umefiwa, hata sijakuuliza unalalaje." Alafu unyamaze umsikilize. Akitulia ndo umwambie kile kicheko kilikuwa nini. Na mkiweza simulianeni vituko vya marehemu, yeye anavyo vya utotoni ambavyo wewe huvijui. Kama atakataa, basi, umefanya sehemu yako, usibebe na hiyo.

Kitu kingine, miezi 8 ni mingi na sio mingi. Kulia bado sio ugonjwa. Lakini kama zaidi ya wiki mbili mfululizo huna hamu ya kitu chochote, hulali au unalala mno, nguo zinakuvuka kwa kukonda, unasahau hata hesabu za mteja, unajiona mzigo kwa watu, hiyo inatibika na unahitaji mtaalamu akuone hata kama zile fikra za kujiua huna. Anzia kituo cha afya kilicho karibu waombe wakupe rufaa. Ukipewa dawa, ujue zinachukua wiki kadhaa kuanza kuleta nafuu, usiziache siku ya tano ukasema hazifanyi kazi, na usiziache ghafla ukishapata nafuu. Hujawa kichaa. Mume wako figo ziliumwa akaenda hospitali, hukumwambia ajikaze.

Na mtoto. Akikuuliza kwa nini unalia usimwambie moshi umekuingia machoni, wa miaka 6 anajua moshi ni nini na anajua jiko limezimwa. Mwambie, "Namkumbuka baba, ndo maana nalia, nitanyamaza baada ya muda na nitakupikia." Hapo umemwambia mambo matatu anayoyahitaji, kwamba sababu sio yeye, kwamba kulia kunaisha, na kwamba chakula kipo. Kama atataka kukufuta machozi mwache akufute mara moja, ila asigeuke kuwa mlinzi wako. Yule mkubwa wa miaka 11 hajauliza, si ndiyo? Hao ndo wa kuangalia. Muite mchambue dagaa pamoja, watoto wa umri ule wanaongea vizuri wakiwa hawatazamwi usoni, muulize anakumbuka nini kuhusu baba yake, alafu usimjibu haraka.

Na yule mdogo, leo jioni muulize gari limefika wapi. Kama umetoka Mwaloni na ndoo yako mwambie una mzigo, umuulize nauli yako na ya ndoo ni shilingi ngapi, umwache akupangie siti.